Kupanga vikundi katika darasa la kompyuta: mwongozo kamili kwa mwalimu mwenye wanafunzi 46 na mashine 16

Walimu wengi wa kompyuta wamejaribu kazi za vikundi, zikawashinda, wakarudi kuandika ubaoni. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Mbele ya kikundi kuna kibodi moja, na aliyeishika ndiye anayejifunza, wengine wanatazama. Ukiwaambia wanafunzi "kaeni wanne wanne mfanye zoezi la tatu", kibodi itakwenda kwa anayejua zaidi kabla dakika haijaisha, na itakaa hapo hadi kengele. Kazi itakusanywa na majina manne juu yake, watatu wamebebwa. Mtihani wa mmoja mmoja ndio unaowaumbua, na wakati huo muhula umekwisha.

Kwa hiyo kupanga vikundi katika somo hili ni kugawa dakika za kibodi. Mengine yote yanafuata hapo.

Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni kidato cha tatu chenye wanafunzi 46 (wasichana 17, wavulana 29), kompyuta 16 zinazowaka, na vipindi viwili mfululizo kwa wiki, jumla dakika 80. Wanajifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Kama darasa lako ni tofauti, badilisha namba, hatua zibaki zilivyo.

Mahitaji

- Orodha ya darasa iliyo sahihi. Ondoa waliohama, ongeza wapya.
- Nakala 46 za jaribio fupi na dodoso, nusu ukurasa kila kimoja.
- Kompyuta moja yenye Excel au LibreOffice Calc, kwa kazi yako ya kupanga.
- Thonny kwenye kila mashine. Ni programu ya bure ya kuandikia Python, inakuja na Python yake ndani, na ikishawekwa haihitaji intaneti.
- Daftari moja kwa kila kikundi, la karatasi. Usiliache hata kama mashine ni nzuri. Umeme ukikatika ndilo darasa lako.
- Simu au saa yenye kengele inayosikika chumba kizima.
- Folda moja ya pamoja kwenye mtandao wa ndani wa maabara. Kama hakuna mtandao, flashi moja inayokaa kwako wewe. Flashi za wanafunzi zisiguse mashine. Virusi husambaa kirahisi kwa njia hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu mashine kwanza, wanafunzi baadaye

Washa kila kompyuta, fungua Thonny, andika print(2+3), iendeshe. Inayotoa 5 ndiyo inayohesabiwa. Mashine inayowaka lakini kibodi yake haina herufi mbili usiihesabu, maana kikundi kitakachopewa hiyo kitamaliza kipindi kikiomba kuhama.

Ukubwa wa kikundi uwe watatu. Wawili ni wazuri kwa kujifunza, ila mmoja asipokuja mwenzake anabaki mkiwa, na utahitaji mashine 23. Wanne mbele ya skrini moja ni wengi: wa nne hata kusoma maandishi hawezi kutoka alipokaa.

46 kwa watatu watatu ni vikundi 14 vya watatu na kimoja cha wanne, yaani vikundi 15. Una mashine 16. Ile inayobaki ipe kikundi cha wanne, wakae wawili wawili kwenye mashine mbili za jirani.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kupanga

Usitumie alama za muhula uliopita. Huenda zilitokana na kazi za vikundi vilevile vilivyobeba watu. Toa jaribio la dakika 10, kwenye karatasi, kompyuta zimezimwa. Maswali manne yanatosha: moja la kusoma msimbo, moja la kutafuta kosa, moja la kuandika mistari mitatu au minne, na moja la kueleza kwa maneno. Alama 10 kwa jumla.

Swali la kusoma msimbo ndilo litakalokuonyesha mengi. Mfano:

jumla = 0
for i in range(1, 5):
    jumla = jumla + i
print(jumla)

Jibu ni 10. Aliyeandika 15 anadhani range inafika hadi 5 yenyewe. Aliyeandika 4 anadhani kila mzunguko unafuta kilichokuwepo. Aliyeandika 1 3 6 10 ameelewa hesabu vizuri ila hajaona kwamba print imekaa nje ya kitanzi. Hao watatu wote wamekosa swali moja, lakini kila mmoja anahitaji msaada tofauti, na watatu hao wakikaa pamoja wanaweza kusahihishana. Andika aina ya kosa pembeni ya jina. Utaihitaji hatua ya 4.

Dodoso liwe na maswali matano tu: Nyumbani kuna kompyuta? Unakaa bweni au unatoka nyumbani? Ni siku gani unaweza kubaki baada ya vipindi? Ujumbe wa hitilafu wa Kiingereza ukitokea, unauelewa mwenyewe au unaomba msaada? Je, kuna mtu ambaye usingependa kupangwa naye? Waambie wazi kwamba jibu la mwisho utalisoma peke yako, na ulinde ahadi hiyo.

Hatua ya 3: Gawa kama karata, usizungushe kama nyoka

Hapa walimu wengi makini hukosea. Njia inayopendwa ni ya nyoka: ukishawapanga kwa alama za jaribio, wa 1 hadi wa 15 wanaingia kikundi cha 1 hadi cha 15, kisha wa 16 anaanzia kikundi cha 15 kurudi nyuma, na kuendelea hivyo. Njia hiyo inasawazisha nguvu za vikundi, na kwa ligi ya mpira ingefaa. Lakini tazama ndani ya kikundi. Kikundi cha 1 kinapata wa 1, wa 30 na wa 31: mmoja yuko mbali sana, wawili wanamtazama. Kikundi cha 15 kinapata wa 15, wa 16 na wa 45: wawili wanaelewana haraka, wa tatu ameachwa.

Ukigawa moja kwa moja, kama mtu anayegawa karata, kikundi cha 1 kinapata wa 1, wa 16 na wa 31. Kikundi cha 15 kinapata wa 15, wa 30 na wa 45. Kila kikundi kina wa juu, wa kati na wa chini, na umbali kati yao ni uleule. Wa kati ndiye daraja. Anaelewa lugha ya wa juu, na bado anakumbuka jinsi jambo lilivyomchanganya juzi, kwa hiyo maelezo yake kwa wa chini yanaingia kuliko ya yule anayejua kila kitu.

Gharama ya njia hii ni kwamba vikundi havilingani kwa nguvu. Kwa hiyo usivishindanishe, na usitoe zawadi kwa kikundi cha kwanza kumaliza.

Kwenye Calc au Excel fanya hivi:

1. Mstari wa 1 uwe wa vichwa, majina yaanzie mstari wa 2. Safu A majina, B alama, C andika =RAND() na uishushe hadi mwisho. Hii ni kwa ajili ya waliolingana alama, wasipangwe kwa alfabeti. Ukipanga kwa alfabeti, walioketi pamoja tangu kidato cha kwanza watakutana tena.
2. Nakili safu C, kisha ibandike palepale kama thamani tupu. Usipofanya hivyo namba zitabadilika kila ukigusa ukurasa.
3. Panga mistari yote kwa B kutoka kubwa kwenda ndogo, halafu kwa C.
4. Kwenye D2 andika =MOD(ROW()-2,15)+1 na uishushe. Programu ikikataa mkato, tumia nukta mkato badala yake.
5. Mwanafunzi wa 46 atapata kikundi cha 1. Mbadilishe kwa mkono awe wa 15, karibu na wa 45 anayelingana naye.

Ukifaulu, kila namba kuanzia 1 hadi 14 inatokea mara tatu, na 15 inatokea mara nne.

Hatua ya 4: Rekebisha kwa mkono

Kompyuta imekupa mwanzo tu. Sasa kagua mambo manne, kwa mpangilio huu. Kila unapobadilishana watu, badilisha wa ngazi moja: wa juu kwa wa juu, wa kati kwa wa kati. Ikishindikana, chukua walio mpakani, kama wa 14 na wa 17.

Kwanza, msichana asibaki peke yake kati ya wavulana wawili. Sababu inaonekana kwenye daftari la kikundi: hati nzuri ya msichana mmoja kurasa zote, na mkono wake haujagusa kibodi. Anageuzwa katibu. Kwa wasichana 17, weka vikundi 7 vyenye wasichana wawili na mvulana mmoja, na kimoja cha wasichana watatu. Wavulana 22 waliobaki wanaunda vikundi 6 vya watatu na kile cha wanne.

Pili, kila kikundi kiwe na angalau mmoja anayesoma ujumbe wa hitilafu wa Kiingereza bila hofu. Kikundi kisicho naye kitainua mkono kila dakika tano, na utakuwa mtumwa wake.

Tatu, bweni na kutwa. Kama kuna kazi ya baada ya vipindi, kikundi cha wawili wa bweni na mmoja anayewahi basi kitamwacha huyo mmoja nyuma kila wiki. Kama kazi yote inaisha darasani, ruka hili.

Nne, siri za dodoso. Heshimu ombi la kutenganishwa. Ombi la kuwekwa na rafiki hukuliuliza, na sababu ni kwamba marafiki huogopa kuambiana "hapo umekosea".

Mwisho tazama aina za makosa ulizoandika pembeni. Watatu wote wakiwa na kosa lilelile la range, watakubaliana kwa furaha juu ya jibu lisilo sahihi. Badilisha mmoja.

Hatua ya 5: Tangaza kwa viti

Usisome majina kwa sauti ukaacha darasa litafutane. Bandika mchoro wa maabara mlangoni, kila mashine na majina yake. Usiandike ngazi wala alama. Wanafunzi watajaribu kukisia, na aliyejiona "wa chini" ameshakata tamaa kabla ya kukaa. Waambie vikundi vitadumu wiki 6, kisha vitabadilishwa. Aliyekuja na malalamiko msikilize, mwambie ajaribu wiki mbili. Ukibadilisha mmoja siku ya kwanza, kesho watakuja kumi.

Hatua ya 6: Zamu za kibodi

Majukumu ni matatu.

Mshika kibodi anachapa. Haandiki jambo ambalo mwelekezaji hajalisema.

Mwelekezaji anasema hatua inayofuata. Mikono yake iko mapajani. Akitaka kurekebisha, anataja mstari: "mstari wa 7, sogeza ndani nafasi nne."

Mkaguzi ana daftari. Anaandika thamani za kila kigeu mstari kwa mstari, anatayarisha majaribio, na ndiye anayesoma ujumbe wa hitilafu kwa sauti.

Dakika 80 zigawe hivi: 8 za kuingia, kuwasha na kufungua faili, 5 za maelezo yako, 60 za kazi, 7 za kuhifadhi na kueleza. Zile 60 ni zamu sita za dakika 10. Kila mmoja anashika kibodi mara mbili, jumla dakika 20. Kengele ikilia, mwelekezaji anakuwa mshika kibodi, mshika kibodi anakuwa mkaguzi, mkaguzi anakuwa mwelekezaji. Mpangilio huo una sababu: anayekwenda kwenye kibodi tayari ana wazo kichwani, na anayekwenda kuelekeza ametoka kuona makosa yote. Zile jozi mbili za kikundi cha wanne hubadilishana kibodi tu, kila dakika 10, na mwelekezaji ndiye anayeshika daftari.

Mambo matatu ambayo zamu huvunjika nayo:

Kusogeza kibodi badala ya watu. Wahame viti. Kibodi ikisogezwa, kipanya hubaki kwa yule wa zamani, na anaendelea kutawala skrini kwa mkono mmoja. Ukipita kati ya meza, angalia kipanya kiko chini ya mkono wa nani. Hapo ndipo utajua nani anafanya kazi.

Kuanza na anayejua. Zamu ya kwanza ishikwe na wa ngazi ya chini. Wa juu akianza, kengele ya kwanza italia ameshaandika mistari 20 ambayo wenzake hawaielewi, na zamu zilizobaki zitakuwa za kumuuliza. Wewe unawajua, weka jina la wa kuanza kwenye mchoro wa viti, na wiki inayofuata lizungushe ili siri isitoke.

Kutohifadhi. Zamu haijaisha kabla ya Ctrl+S. Faili iitwe kwa kikundi na zamu, kwa mfano K07_zamu3.py. Umeme ukikatika, hasara kubwa ni dakika 10. Na faili sita za kipindi zinakuonyesha kazi ilikua kwa mikono ya nani.

Asipokuja mmoja, wawili wanabadilishana kila dakika 10 na mwelekezaji anashika daftari. Wasipokuja wawili, aliyebaki anahamia kikundi chenye pengo kwa siku hiyo. Asikae peke yake.

Hatua ya 7: Toa kazi isiyoweza kufanywa na mmoja

Zoezi la "andika programu ya kujumlisha namba mbili" litamalizwa na mmoja hata uweke zamu za aina gani. Kazi nzuri ya kikundi ina vipande vitatu vinavyolazimika kukutana.

Mfano uliojaribika: programu ya kutoa madaraja kwa viwango vya mtihani wa kidato cha nne Tanzania, ambako A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, na F chini ya 30. Kipande cha kwanza ni soma_alama(), kinachomuuliza mtumiaji. Cha pili ni toa_daraja(alama). Cha tatu ni chapisha(orodha), kinachotoa jedwali lililonyooka. Kila mmoja anamiliki kimoja: anakipanga kwenye daftari na ndiye anayekielekeza kikiandikwa.

Uzuri wa kazi hii uko kwenye kiungo. Mwenye soma_alama atatumia input(), nayo kila mara hurudisha maandishi. Mwenye toa_daraja ameandika if alama >= 75, akitegemea namba. Kila mmoja yuko sahihi upande wake. Wanapounganisha, Python inakataa:

TypeError: '>=' not supported between instances of 'str' and 'int'

Usiwasaidie haraka. Hapo ndipo kikundi kinaanza kuzungumza kweli: nani abadilishe, na int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, iwekwe upande gani? Wakikubaliana iwekwe ndani ya soma_alama, waulize itakuwaje mtumiaji akiandika "hamsini". Dakika tano za mjadala huo zina thamani kuliko zamu mbili za kuchapa.

Mkaguzi apewe namba za mpakani: 75, 74, 65, 64, 45, 44, 30, 29, 0, 100, kisha 101 na -1. Kosa litakalojitokeza sana ni mpangilio wa masharti. Aliyeanza na alama >= 30 atawapa D wote waliofaulu, hata mwenye 98, kwa sababu sharti la kwanza linalotimia ndilo linalochukuliwa.

Wakimaliza, kila mmoja aeleze kipande ambacho hakukimiliki. Hapo ndipo utajua kama walifanya pamoja au waligawana na kubandika.

Hatua ya 8: Alama

Nusu ya alama iwe ya programu ya kikundi, nusu ya mtu mwenyewe. Ile ya mtu ipatikane kwa swali moja la karatasi la dakika 8 wiki inayofuata, linalotokana na msimbo wao wenyewe: "Ukiondoa int() kwenye programu yenu, nini kitatokea ukiingiza 80?" Aliyebebwa hawezi kulijibu hata kama ana faili mkononi.

Kila wiki mbili, wape dakika 5 za kupimana. Katika kikundi cha watatu, kila mmoja ana pointi 20 za kuwagawia wenzake wawili, na lazima aandike sentensi moja ya ushahidi kwa kila mmoja, kama "aligundua 45 inatoa D". Bila ushahidi, pointi hazihesabiwi. Bila sharti hilo watagawa 10 na 10 ili yaishe. Mwenye mchango wa kawaida hupokea 20. Tuseme Asha anampa Juma 14 na Neema 6. Juma anampa Asha 13 na Neema 7. Neema anawapa 10 na 10. Asha amepokea 23, Juma 24, Neema 13. Anayepokea chini ya 14 mwite kwa mazungumzo kabla ya kugusa alama yake. Huenda hakufanya kazi. Huenda pia hakupewa nafasi, na faili za zamu zitakuonyesha ni lipi. Kikundi cha wanne kinagawa pointi 30 kwa wenzake watatu, na kawaida yake ni 30.

Hatua ya 9: Kikundi kikiharibika

Mmoja anatawala: mpe ukaguzi kwa kipindi kizima, aruhusiwe kuuliza maswali tu, asitoe jibu. Wenye uwezo wengi hubadilika wanapogundua kwamba kuuliza vizuri ni kazi ngumu.

Mmoja hafanyi: rudi kwenye jaribio lake la hatua ya 2. Mara nyingi anaficha kwamba amepotea tangu kwenye vitanzi. Mpe dakika 15 zako kabla ya kumwita mvivu.

Wamegombana: kaa nao zamu moja, uhakikishe kengele inafuatwa. Ugomvi mwingi ni wa kibodi. Ukiwa wa mambo ya nje ya darasa, usisubiri wiki sita. Hamisha mmoja kwa utulivu, abadilishane na wa ngazi ileile wa kikundi kingine.

Vikundi vyote vinalegea kwa pamoja: kazi ni rahisi mno, au ni ngumu mno. Fungua madaftari. Kurasa tupu zinasema ni rahisi. Kurasa zilizofutwafutwa zinasema ni ngumu.

Baada ya wiki 6 toa jaribio jipya la dakika 10 lenye aina zilezile za maswali, upange upya kuanzia hatua ya 3. Ongeza safu moja kwenye jedwali yenye namba ya kikundi cha zamani, ili waliokuwa pamoja wasirudiane. Jaribio la awali liweke karibu na jipya, jina kwa jina. Yule aliyeandika 1 3 6 10 mwanzoni mwa muhula, mtazame safari hii print yake ameiweka wapi.